Ghala Lisilokaguliwa

Uchovu wa Fundi haukuwa ule wa kulala ukaisha. Kompyuta kumi na tisa za hospitali, zote zinaendeshwa kwa mfumo wa Linux, na fundi ni yeye peke yake. Tangu asubuhi miguu ilikuwa inamwaka moto, na chai hata hajaitia mdomoni.

Leo ilikuwa zamu ya mashine ya maabara kumtoa roho. Ilijisasisha alfajiri, na sasa vibandiko vya chupa za damu vilitoka vitupu, bila jina la mgonjwa. Wagonjwa arobaini na mbili, wengine watoto wachanga, ilibidi wachomwe sindano upya. Jamani!

Sababu aliiona upesi. Programu za Linux huchukuliwa kwenye ghala rasmi la mtandaoni. Ukitaka kitu ambacho ghala hilo halina, waweza kuongeza ghala la mtu mwingine, lakini kwa adabu: umjue mwenyewe, ukague sahihi yake ya kidijitali inayothibitisha kwamba programu ni zake kweli, na ulibane litoe kile kimoja tu ulichofuata. Fundi aliwaimbia watu haya mpaka wakamchoka. Sasa mtu alikuwa ameongeza ghala la nje, akazima ukaguzi wa sahihi, akaliacha lilete chochote. Nalo likaleta, hata programu iliyovuruga uchapaji wa vibandiko.

"Nani?" aliuliza mganga mkuu wa hospitali.

"Nywila ya mashine hiyo tunayo wawili, mimi na Darubini," alijibu Fundi. "Na mimi sifanyi upuuzi huo."

Darubini, kama walivyomwita wote, alikuwa mtaalamu wa maabara, miaka ishirini na sita kazini. Akapewa mpaka saa tisa alasiri aandike maelezo, kisha asimamishwe kazi.

Saa nane Fundi alimkuta kainamia karatasi, miwani mkononi.

"Dada, mimi hata sikumbuki," alisema Darubini. "Lakini mimi na kompyuta, unatujua mwenyewe. Labda nilibonyeza kitu. Naandika kwamba nilibonyeza."

"Ulibonyeza nini?"

"Sasa si ndiyo nakuuliza wewe?"

Fundi alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Mtu hazimi ukaguzi wa sahihi kwa kubonyezabonyeza. Kuna mstari mzima wa kuandika. Akavuta kiti, akafungua kumbukumbu za mashine, jambo ambalo angelifanya asubuhi kama si haraka ya kumaliza. Mstari uliandikwa Jumanne moja, miezi miwili nyuma, saa tano na dakika kumi. Ulitoka kwenye kompyuta ya mkononi ya Fundi mwenyewe.

Ndipo akakumbuka. Jumanne ile mama yake alikuwa anapasuliwa, yeye yuko nje kwenye benchi, kompyuta mapajani. Printa mpya ya vibandiko imegoma, maabara wanapiga simu hawapumziki. Akanakili maagizo ya kuongeza ghala kutoka kwenye ukurasa wa mtu asiyemjua. Sahihi ikakataa, akauzima ukaguzi, akajiambia atarekebisha kesho. Mama akapona, naye kwa furaha akasahau kila kitu.

"Kaka, acha kuandika," alisema. "Ni mimi."

Ofisini kwake, mganga mkuu hakutaka hata kusikia. "Wewe? Acha hizo, Fundi. Unamkingia kifua mzee wa watu. Kama kuna mtu wa kuaminika humu ndani ni wewe. Nenda kapumzike." Barua ya kumsimamisha Darubini ilikuwa mbele yake, kalamu mkononi.

Mlango ulikuwa wazi, na Mungu ndiye ajuaye jinsi Fundi alivyotamani kupumzika. Aliona aibu kwa jinsi wazo hilo lilivyokuwa tamu. Akaitua kompyuta juu ya barua.

"Usiniamini, Daktari," alisema. "Soma."

Daktari alisoma taratibu, kidole kikifuata tarehe, saa, kisha mashine iliyotoa agizo. Alipomaliza aliichomoa barua chini ya kompyuta, akalikata jina la Darubini kwa mstari mmoja, akaandika la Fundi.