Mistari Arobaini ya Donatien

Donatien aliiandika programu yetu kama anayejaza gunia: kila kitu ndani, mistari elfu nne, faili moja. Kazi ya programu hiyo ni kulinganisha majina ya watoto walioandikishwa katika kambi za waliokimbia vita na yale yanayoletwa na wazazi wanaowatafuta. Donatien alifariki mwaka jana, kazi ikaniangukia mimi, na kusema kweli nilimsonya marehemu kila asubuhi.

Sipendi fujo. Kwa miezi miwili niliikata programu ile vipande vidogovidogo: kimoja kinasoma majina, kingine kinalinganisha umri, kingine kijiji. Katikati nikakuta mistari arobaini isiyo na maelezo hata neno moja. Ilikuwa inaliruka jina la baba iwapo kijiji na jina la ubatizo la mama vimepatana. Uzembe gani huu, nikasema, kulinganisha watoto bila jina la baba? Nikaifuta. Nikaijaribu programu mpya kwa watu mia mbili wa kubuni, ikafanya kazi bila kosa, nami nikaona raha.

Kila Jumatatu Mama Léonie alikuja kwa miguu kutoka Rwambuzi hadi ofisini kwetu, mtaa wa Lumumba hapa Bunia, kumuulizia binti yake Gracia, wa miaka kumi na tatu, aliyepotezana naye wakati wa kukimbia vita vya Djugu. Jumatatu sita mfululizo nilitazama kwenye programu yangu mpya, nikamwambia hakuna. Alishukuru, akaenda.

Guelord, anayeandikisha watu kambini, ndiye aliyeuliza mbona hatupati tena watoto. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni: njiani, kwenye vizuizi vya wenye silaha, jina la baba linaonyesha kabila lako na linaweza kukuua, kwa hiyo watu wanajipa lingine, na wakifika kambini bado wanaogopa kulirudisha la kwao. Mimi mzaliwa wa Bunia nilikuwa nalijua hilo. Lakini wale watu mia mbili niliwatunga mwenyewe, na wote walisema kweli.

Tukairudisha programu ya zamani. Gracia alitokea mara moja, ameandikishwa wiki tano zilizopita, jina la baba si lake. Guelord alipanda pikipiki mchana ule ule. Kambini wakamwambia binti aliondoka siku nane nyuma, pamoja na wanawake waliokwenda kutafuta dhahabu upande wa Nizi. Hakuna aliyekuwa na namba yao ya simu.

Jumatatu nilimweleza mama yake. 

"Ni miye nilimukataza kutaja jina ya baba yake," alisema.

Ningeweza kunyamaza, maana lawama alikuwa ameshaibeba yeye. Nilishindwa. Nikamwambia kwamba mashine ilikuwa inalijua jambo hilo tangu zamani, na mimi ndiye niliyelitoa.

"Juu ya nini uliitoa, mutoto wangu?"

Jibu nilikuwa nimeshaliandika kwenye ripoti ya kazi, na sikuwa na lingine.

"Juu programu isomeke muzuri, mama."