Kope za Mama Ashiru

"Umemng'oa mtu kope zote, halafu unasimama hapa unajitetea!" Naima alikuwa ameshika mwiko wa uji, anamnyooshea Bimdogo kama mgambo aliyemkamata mwizi wa kuku.

"Nimemng'oa kwa nguvu? Mkweo mwenyewe ndiye aliyenipa uso," Bimdogo akajibu. "Miaka minne nazing'oa. Siku zote hizo ulikuwa unasema ahsante bibi, ahsante bibi. Leo nimekuwa mchawi?"

"Siku zote hizo madaktari hawakuwepo!"

Mimi nilikuwa nimekuja kuomba moto. Moto wenyewe nilikuwa nao nyumbani, lakini ugomvi huwezi kuusikia vizuri ukiwa nyuma ya ua. Nikakaa juu ya kinu kilicholazwa, nikatulia.

Kisa chenyewe hiki hapa. Sikudhani, tunayemwita Mama Ashiru, mkwe wake Naima, anaumwa vikope. Kope zimepinda zikaingia ndani, kila akipepesa zinamkwangua jicho. Jicho la kushoto limeshakwenda, limefunga ukungu mweupe kama tui. Limebaki la kulia. Kwa hilo ndiyo anachambua mbaazi, ndiyo anajua nani kapita njiani na kavaa nini. Bimdogo, jirani wa ukuta kwa ukuta, ana kibano chake alichonunua Newala mjini. Kope zikiota tu, Mama Ashiru analaza kichwa mapajani kwa mwenzake, juani, zinatolewa moja moja huku wanasengenya watu. Na mimi nimo katika wanaosengenywa, najua.

Sasa Jumatatu wataalamu wa macho walifika zahanati ya Mnyambe. Tangu nizae mtoto wangu wa kwanza sijawahi kuwaona wakija. Walikuwa wanaandika majina ya wenye vikope, na kesho yake wanawapasua pale pale zahanati, bure. Jumapili jioni Bimdogo akamwita mwenzake akamsafisha macho, hakubakisha hata ukope mmoja. Utampelekaje mtu mbele ya wageni anatiririka machozi na matongo, kama hana jirani? Sisi hapa ndivyo tulivyo. Ukienda hospitali unaoga, unavaa khanga ya sandukuni, unakaa vizuri mpaka daktari ashindwe kujua umefuata nini.

Foleni ilikuwa ndefu, jua kali. Binti mmoja akammulika Mama Ashiru tochi, akatazama harakaharaka, akasema, "Mama, kope zako haziingii ndani. Uko sawa." Akaita mwingine. Siku ya pili wenzake wakapasuliwa, wakarudi na mabandeji. Yeye alikuwa nyumbani anachambua mbaazi. Tulikuja kujua sababu leo Alhamisi, Naima alipomuuliza kwa nini hakuitwa.

"Naima, mwache mwenzio," Mama Ashiru akasema kutoka barazani. "Mimi ndiye nilimwambia anisafishe."

"Sawa mama. Lakini si ungemwambia yule binti kwamba huwa zinang'olewa?"

Mama Ashiru akafuta jicho kwa ncha ya khanga. "Aliniambia niko sawa," akasema. "Nikafurahi."

Hapo hata Naima aliushusha mwiko.

Mimi habari siwezi kulala nazo. Nikawaambia nilivyosikia kwa nesi Grace wa zahanati asubuhi ile: wale watu wameteremkia Masasi, na leo ndiyo siku yao ya mwisho. Bimdogo hakungoja nimalize. Aliingia kwake akatoka amevaa viatu. Naima ana mtoto wa miezi miwili, akabaki. Tukaondoka watatu.

Masasi tulifika saa nane. Pale walipokuwa wamepiga kambi tulikuta viti vinapangwa juu ya pikapu na kijana mmoja anakunja turubai. Marko, ndivyo shati lake lilivyoandikwa kifuani.

"Shikamooni, mama zangu," akasema. Bimdogo marahaba hakuitikia. Alimsukuma Mama Ashiru mbele. "Mwangalie huyu. Kope nimezing'oa mimi, Jumapili. Kosa langu. Mwangalie."

Kijana alikuwa na adabu. Alinawa mikono, akampindua ngozi ya juu ya jicho, akatazama muda mrefu. Tukaona uso wake unabadilika.

"Humu ndani pana makovu matupu," akasema. "Huyu mama alitakiwa kupasuliwa."

"Basi mpasue," Bimdogo akasema.

"Mimi si mpasuaji. Mpasuaji ameondoka saa tano, na vifaa vyote viko kwenye gari alilopanda."

"Mpigie simu ageuze."

"Mama, ameshapita Ndanda huko, anawahi wilaya nyingine. Hata akigeuza, nyuzi za kushonea zimeisha." Akatoa daftari. "Namwandika jina. Safari ijayo awe wa kwanza."

"Safari ijayo lini?"

Marko akakuna shingo. "Safari hii ilikuwa ya mwezi wa tatu. Tumekuja wa tisa. Ratiba inapangwa huko juu."

"Juu wapi? Sisi ndio tunatoka juu mlimani, hatukumkuta mtu anapanga ratiba."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Marko naye hakucheka. Akasema tungeweza kwenda Ndanda, pale hospitalini, si mbali. Kwake yeye mwenye pikapu, Ndanda ni mwendo wa kumaliza muhogo mmoja wa kuchoma. Ashiru, mumewe Naima, yuko Tunduru tangu Ramadhani, simu yake haipatikani. Korosho bado ziko juu ya miti, hela hakuna. Wa kukaa naye hospitalini ni Naima, na Naima ana kichanga mgongoni. Yote hayo tuliyajua, hakuna aliyeyasema.

"Na kope zikiota tena nizing'oe?" Bimdogo akauliza. Sasa sauti ilikuwa ndogo.

"Ukizing'oa, anapata nafuu. Ila akija tena mtu mwenye haraka, hataona kitu."

"Na nisipozing'oa?"

"Zitalikwangua hilo jicho lililobaki."

"Sasa nifanye nini, mwanangu?"

Marko alikunja turubai lililokwisha kukunjwa. "Kwa kweli, mama, sijui."

Alimpa Mama Ashiru kichupa cha dawa ya maji. Mama Ashiru akamwombea dua ndefu, kana kwamba amempa macho mapya. Niliona aibu, sijui kwa niaba ya nani.

Tulirudi Mnyambe jua halijazama. Vumbi la njiani lilikuwa limemwingia Mama Ashiru, analia jicho moja.

"Zimeanza kuchoma," akasema tulipofika uani. "Nahisi vichwa vyake. Bimdogo, nitolee."

Bimdogo alifungua fundo la khanga, kibano kikatoka. Akamshika mwenzake kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. Nikasogea nimshikie kichwa. Kibano hakikwenda.

"Wakija wiki ijayo wakakukuta huna?"

"Na wasipokuja mpaka mwakani, nami ninazo?"

Bimdogo alinitazama mimi. Mimi, ambaye kila siku nina la kusema, nilitazama kuku. Akarudisha kibano kwenye fundo, akalifungua tena, akalifunga. Mama Ashiru bado ameinua uso, anangoja.

Naima alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Hakuuliza yaliyotupata Masasi. Bimdogo alipomwona akainuka, akaanza kujikung'uta vumbi aende kwake.

"Unakwenda wapi, bibi?" Naima akamwuliza.

"Nyumbani. Nimeshiba."

"Umeshibia wapi, na tangu asubuhi hamjatia kitu mdomoni? Mshike mkono mama, mwingie ndani. Ugali wa muhogo uko mezani, mbaazi nimezitia nazi, na maji ya kunawa nimeshamimina."