Siku Pimbi Walipolikimbia Shimo Lao

Wewe unayeficha nyundo yako kwenye nyufa za mawe huko Amukura, sikia kwanza yaliyomkuta Among.

Among alikuwa akiponda kokoto chini ya mwamba pamoja na binti yake Brigid, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana na bado hajapata kazi. Kila asubuhi pimbi, wale wanyama wanono kama sungura wasio na mkia, walitoka ufani wakajilaza juu ya jiwe kuota jua, wamebanana. Mmoja alibaki macho. Akiona kipanga, anapiga ukelele na wote wanatumbukia shimoni. Brigid aliwatazama miezi mitatu, mpaka jirani yao Okiror, mponda kokoto mwenzao, akapata la kusema.

"Mama Brigid, kumbe ulimsomesha aje kuchunga pimbi?"

Watu wakacheka. Among akacheka nao, lakini ilimchoma.

Jumanne moja walichelewa. Nyundo ya Among ilikuwa imelala katika ufa ule ule wa pimbi, kama kawaida. Pimbi mlinzi akapiga ukelele, Among hakujali. Akainama, akanyoosha mkono.

"Mama, wacha! Usitie mkono!"

"Nini tena? Kazi inangoja."

"Angalia, wanatoka! Wakiogopa huwa wanaingia. Leo wanatoka mbio, hata wale wadogo."

"Wanafuata jua tu, dada," Okiror akasema.

Among alimwangalia binti yake usoni. Hakuona mzaha. Akarudisha mkono.

Okiror, ili amwaibishe msichana, akakata fito akachokoa ule ufa. Nyoka swila akatokeza, shingo imetanuka. Okiror alikimbia mpaka barabarani, kiatu kimoja akakiacha.

Among aliketi chini, akavishika vidole vyake kimoja kimoja. Kisha akasimama.

"Mmeona? Huyu ni wangu! Mimi niliishia darasa la sita, lakini huyu nimemzaa mimi!"

"Mama, jamani," Brigid akanong'ona, aibu imemshika.

Siku mbili pimbi hawakurudi, na hakuna aliyegusa ufa. Siku ya tatu walikuwa juu ya jiwe, wamelala. Hata hivyo Brigid alichokoa kwa fito ndefu kwanza, kisha akaivuta nyundo nje.

"Mwalimu, ni salama?" Okiror akauliza kutoka mbali.

"Ni salama, mzee."

Among hakuipokea nyundo upesi. Alimwacha binti yake aishike juu kidogo, wote waone. Tangu siku hiyo inalala nyumbani, chini ya kitanda. Na ya kwako pia ilale nyumbani.