Mgomba Uliozikwa Badala ya Bwire

Kama kuna binadamu aliyewahi kurudi kwake na gunia la mchele begani akakuta ameshazikwa, basi ni Josiah Bwire wa kule Funyula, dereva mstaafu wa greda la serikali. Huyu ndiye aliyekuwa akiapa kwamba barabara ya Nambale aliilainisha hata ukiweka yai upande huu, linabingirika lenyewe mpaka sokoni bila kupata ufa. Alipojitokeza uani kwake jioni ile, mzima na vumbi lake, wanawake walipiga mayowe. Kisha jirani mmoja akashika kiuno, akasema, "Huyu hata kufa amedanganya!"

Safari hii hakuwa amedanganya. Pensheni yake ilikuwa imeganda pale pale tangu siku aliyokabidhi funguo za greda, huku unga na sabuni na dawa ya sukari ya mkewe Wilkister vikipanda bila kumngoja. Ndipo akaamua kwenda Butaleja, ng'ambo ya Uganda, akavune mpunga wa watu. Aliomba lifti kwenye lori la mafuta. Foleni ya Malaba ikamchosha, akashuka kuvuka kwa miguu, na kwa haraka zake akasahau mfuko kwenye lori, simu na kitambulisho ndani yake. Hata hakuwa amefika mbali lori lilipolipuka huko nyuma. Dereva hakubaki hata kidole. Mfuko wa Bwire ulirushwa mtaroni, ukaokotwa umeungua nusu, kitambulisho ndani, ikaaminika naye amekufa; mwenyewe, bila simu ya kutuma habari, alishaendelea na safari.

Wasamia hawamwachi mtu wao bila kaburi. Mwili ukikosekana hukatwa mgomba, ukavishwa shuka, ukalazwa, ukaliliwa machozi ya kweli, ukazikwa kwa jina la aliyepotea. Ndivyo alivyofanyiwa Bwire. Naibu wa chifu akaandika kuwa ameaga dunia, na ile pensheni iliyoganda ikafungwa kabisa.

"Usikanyage hapo!" Mzee Ojiambo, mkubwa wa ukoo, alimzuia mlangoni kwa fimbo. "Aliyezikwa hapiti mlango wa nyumba mpaka tufukue ule mgomba na kuchinja kondoo dume. Ukiingia hivi hivi, unakiita kifo chenyewe."

"Hata kunywa maji, mzee?"

"Maji utaletewa huko huko nje."

Bwire akalala chini ya ghala la mahindi kama kuku wa mgeni. Wilkister alimletea ugali, naye Bwire kwa mwanga wa koroboi akaona mguu wa mkewe. Kidonda kilikuwa kimekula nusu ya wayo, kimefungwa kipande cha leso. Tangu pensheni ifungwe, dawa alikuwa akiipata leo, kesho akiikosa.

"Daktari alisema nini?"

"Alisema nisipopata insulini kila siku, watakata." Wilkister alifuta mikono kwenye gauni. "Kula, ugali unapoa."

Asubuhi Bwire aliuza mchele wote, akanunua kondoo dume mwenye pembe nzuri. Kisha akaenda kwa naibu wa chifu, aandikiwe kwamba yu hai.

"Boss, mimi nakuona," naibu alisema, akimpapasa mkono kama anayepima ndizi. "Lakini nitaandikaje uko hai na kaburi lako liko pale na jina? Wazee wafukue kwanza. Mgomba ukitoka, na wewe nitakutoa."

Siku ya kufukua, ukoo ulikusanyika, naibu wa chifu naye akaja kushuhudia. Kondoo alifungwa kwenye mchungwa, majembe yakalala tayari kando ya kaburi. Kabla udongo haujaguswa, bodaboda ikasimama uani, akashuka msichana aliyejifunga mtandio kichwani, begi la ofisi mkononi.

"Hodi wenyewe. Naitwa Shamsa, natoka kwa watu wa pensheni huko Busia. Namtafuta mama Wilkister, mjane wa marehemu Josiah Bwire."

Bwire akajitokeza mbele huku anatabasamu.

"Karibu, madam. Ngoja kwanza nikuulize swali la kijinga. Huyo marehemu akirudi, inakuwaje?"

Shamsa akacheka. "Mzee una maneno! Akirudi, kila kitu kinasimama, chake na cha mjane. Faili inarudi Nairobi. Kiapo, uchunguzi, kitambulisho kipya. Mwaka, pengine miwili. Kuna waliongoja mpaka wakafa tena."

"Na haki ya mjane?"

"Imeshapita. Nimekuja tu kuthibitisha kaburi lipo na mama yupo. Mwezi ujao anaanza kulipwa, na ya nyuma anapata."

Bwire aligeuka. Wilkister alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu ameunyoosha juani, akifukuza nzi kwa tawi la mpera.

"Na wewe mzee ni nani hapa?" Shamsa aliuliza.

Wilkister alifungua mdomo, lakini Bwire akamwahi.

"Mimi ni ndugu ya marehemu."

Mzee Ojiambo alitazama chini. Naibu wa chifu akaanza kukagua kiatu chake.

"Pole sana, mzee. Mlipendana?"

"Sana. Ila alikuwa mwongo."

Shamsa alimsimamisha kando ya kaburi, akampiga picha kama shahidi wa familia. Alimwambia asicheke. Wala hakuwa anacheka.

Bodaboda ilipopotea, kijana mmoja akapayuka, "Basi si amrithi mjane wa ndugu yake!" Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Aliyezikwa harithi," Mzee Ojiambo akasema, akiokota jembe lake. "Na mgomba sasa hatuwezi kuugusa. Yule binti ameshalipiga picha kaburi. Bwire, maadamu kaburi limebaki, hapa huna tena pa kulala."

Wilkister aliinuka kwa kushika ukuta. "Nani alikutuma ufe?"

"Mguu wako."

"Mguu ni wangu! Nilikuambia niuze mume ninunue mguu?" "Nililia wiki nzima juu ya mgomba, Josiah. Sasa nilie tena?"

"Siku za soko nitakuwa Malaba, upande wa Uganda, kwa wauza mitumba. Ukipona, uje."

Bwire hakuwa na kitambulisho cha kumpitisha kwenye geti la mpakani, kwa hiyo ilimbidi ashike tena njia za panya, kule wanakopita wabeba sukari, magoti ndani ya maji ya mto. Aliaga wazee mmoja mmoja kwa mkono, akaondoka.

Mwezi ujao ulikuwa mbali, na chupa ya insulini aliyoipoza ndani ya chungu cha maji ilikuwa tupu. Wilkister alimfungua kondoo kwenye mchungwa, akajizungushia kamba mkononi, akamkokota akichechemea kuelekea soko la Funyula kabla wanunuzi hawajatawanyika.