Mianzi ya Kukaguliwa

Rosalba alipofika kiwanjani kwake Namuwongo siku ya Alhamisi, akakuta mianzi yake yote sitini imepakwa rangi ya mafuta, nyeupe chini, nyeusi juu. Alikaa juu ya tofali akakosa hata tusi la kuanzia.

"Ogwang! Nani kakutuma?"

Mumewe alichomoza nyuma ya rundo, brashi mkononi, amefurahi kama mtoto wa sikukuu. "Afande Oola, mkubwa yangu, nakuja Jumamosi kuona. Sasa wewe nataka aone miti ya kijani-kijani?"

Haya ndiyo malipo ya kuolewa na askari. Kwa miaka thelathini Ogwang ameishi katika nyumba za polisi kule Naguru, na kule mkubwa akitangaza ziara, kila kilichosimama hupakwa rangi: mawe, miti, pipa la maji. Watoto peke yao walipona, tena kwa sababu walijua kukimbia.

Sasa amestaafu, na chumba chao kinatakiwa mwisho wa mwezi, wiki mbili tu zijazo. Rosalba alikuwa amejifunza ujenzi wa mianzi kwenye mafunzo ya akina mama. Mwanzi ukikatwa huchipua tena, aliambiwa, wala huhitaji tanuri la kuchomea matofali. Hata nguo hutengenezwa! Ogwang alicheka wiki nzima, akiuliza atapimwa lini suruali ya mwanzi. Lakini Rosalba hakuwa na shida ya suruali. Alitaka nyumba ambayo hakuna mtu atakayegonga mlango na kumwambia toka.

Aliiloweka mianzi katika dawa ya wadudu, akailaza kivulini ikauke taratibu. Ilibaki wiki moja. Wiki moja tu, na huyu mtu akashindwa kukaa na mikono yake!

Fundi Bienfait, Mkongo aliyekuwa aisimamishe nyumba, alikwaruza mwanzi mmoja akatikisa kichwa. "Mama, hii haijakauka. Rangi imefungia maji ndani. Tukijenga hivi itaoza. Tukwangue yote, tungoje wiki tatu."

"Umesikia?" Rosalba alimgeukia mumewe. "Afande ndiye anayegawa vyumba. Akija, muombe wiki tatu zaidi."

Ogwang alishtuka kama aliyeambiwa avue nguo barabarani. "Mimi? Kuomba afande? Hapana, siwezi."

"Lakini kupaka rangi umeweza!"

Jumamosi Afande Oola alifika, akashuka garini, akalizunguka rundo, mikono nyuma. "Safi kabisa, Ogwang. Nyumba itakuwa tayari lini?"

Rosalba alimkazia mumewe macho mpaka yakamuuma. Ogwang akabana visigino. "Kila kitu iko tayari, afande! Mwisho ya mwezi natoka!"

Kha! Hapo uvumilivu ulimwisha Rosalba. Alinyakua msumeno wa Bienfait, akaukata mwanzi mmoja palepale mbele ya mkubwa, akamkabidhi kipande.

"Shika, afande. Hakuna kilicho tayari hapa. Tupe wiki tatu zaidi, la sivyo tutalala nje."

Afande alipitisha kidole ndani ya kipande kile, kikatoka na majimaji.

"Chukueni mwezi mzima," alisema. Kisha akamtazama Ogwang, na sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa na masikitiko. "Miaka yote umekuwa chini yangu, kila nikipita unaniambia tayari. Kwa nini hukuniambia hata siku moja kwamba kitu hakiko sawa?"

Ogwang alitazama viatu vyake vilivyotapakaa rangi. Rosalba alidhani atabana visigino tena.

"Afande," alisema polepole, "leo ndio mara ya kwanza wewe nashuka kwa gari."