Meza ya Miguu Sita

Meza ya kubebea tangi la samaki ilipoanguka nyumbani kwa Bwana Léonce, hawakumwita fundi. Walimwita askari.

Ndivyo Bujumbura ilivyokuwa mwaka huo wa tisini na saba. Penye amani meza ikianguka watu huuliza: mbao gani hizo? Kwetu waliuliza: fundi wa wapi? Na fundi alikuwa Térence, mtu wa Kamenge, mtaa uliosemwa kuwa wa waasi. Kamenge yenyewe ilikwisha toka tisini na tano, mabati yameng'olewa, milango imebebwa na wenye magari ya kubebea. Térence na mkewe Dative walikuwa wamepanga chumba Jabe, na Tajudini, fundi seremala wa hapo Jabe, alikuwa amempa kona katika karakana yake. Lakini kitambulisho kilisema Kamenge, ikatosha. Lita mia sita na ushei za maji zilimwagika sebuleni, televisheni ikaungua, samaki wakafia kwenye zulia, na kabla jua halijatua Térence alikwisha kamatwa chumbani kwake, akatupwa kachoti, selo ya kambi ya askari. Eti ametumwa na watu wa msituni kuua familia ya mheshimiwa. Kwa meza!

Dative alikuja karakana Jumatano asubuhi, kitenge amekifunga kama mtu anayekwenda kulima.

"Kaka Taju, Jumatatu banamupeleka gereza kubwa. Askari mumoja ameniambia. Akifika kule, dosye yake, faili lile, itapotea, naye atapotea nyuma yake."

"Umemwona?"

"Nimeona viatu vyake tu. Banavivaa bengine."

Tajudini hakusema pole. Pole alishazisikia nyingi maishani mwake. Alikuwa na miaka tisa, mwaka wa sabini na mbili, askari walipokuja kumchukua mzee Jovithe, mwenzake baba yake, hapohapo karakana. Maswali mawili tu, walisema, atarudi. Jovithe aliiacha randa juu ya ubao, utepe wa mbao ukiwa bado umening'inia mdomoni mwa chombo. Baba akaifunika kwa kitambaa akasema, "Tusubiri." Wakasubiri. Baba alikufa akisubiri. Na wale waliouliza maswali mawili walipanda vyeo, wakajenga, wakazeekea kwenye vibaraza vyao wakinywa chai.

"Mi sisubiri, shemeji," alisema Tajudini. "Uende nyumbani. Jumamosi upike."

Jirani yake Chabani, fundi baiskeli, aliyasikia hayo akiwa amechuchumaa kwenye gurudumu.

"We Taju, unatafuta kaburi la bei rahisi? Yule si ndugu yako. Hata msikiti hamuendi pamoja."

"Chabani, ukiziba pancha unauliza baiskeli inasali wapi?"

"Baiskeli hainipeleki kachoti!"

"Basi endelea kuziba. Ukimaliza hiyo, ziba na mdomo."

Saa nne gari jeupe likasimama mlangoni. Bwana Léonce, mkuu wa bohari moja kule Zone Industrielle, alikuwa anatafuta fundi wa kutengeneza meza nyingine. Watu wa namna yake huijua meza, hawaijui karakana. Hakujua kwamba Térence alikuwa akirandia pale pale alipoegesha gari. Tangi jipya lilikwisha fika. Vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimefunga mipaka, Jabe nzima huwezi kupata kilo ya misumari wala chupa ya gundi, lakini vioo vya kufugia samaki vilipita. Mpaka una macho, humjua mwenyewe.

Tajudini alipelekwa kupima sebule. Kona ilikuwa tupu, sakafu imevimba kwa maji, imebaki friji ndogo ya bia peke yake mahali ilipokuwa meza. Akaitazama friji ile. Akauliza, kama mtu asiye na haja, "Patroni, ya zamani iko wapi? Nione ilikosea nini."

"Ilikosea fundi," alisema Bwana Léonce. "Mutu alikuja kutuua. Iko nyuma, ya kupikia."

Nyuma, karibu na jiko la mkaa, Ernestine, mama wa kazi, alikuwa amekwisha panga vipande vya kuni. Tajudini akainama. Alihesabu miguu: minne. Akageuza ule mhimili mrefu wa mbele. Katikati palikuwa na kisiki kifupi kama jino lililovunjikia ndani ya fizi. Akageuza wa nyuma, kisiki kingine. Mguu wa meza ukivunjika kwa uzito huacha nyuzi ndefu, huchanika kama nyama. Hivi vilikuwa vimekatwa, tena vibaya, kwa msumeno wa kuni, mkono wa mtu asiyejua kushika msumeno. Akaelewa yote kwa mara moja: miguu ya katikati ilizuia friji kuingia chini ya meza.

"Mama," alisema polepole, "nani amekata?"

Ernestine alikoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa. "Fundi, usiniulize. Mi niko na watoto bane."

"Sikuulizi tena." Akaving'oa vile visiki kwenye mihimili. "Niwekee hivi viwili tu, usivichome."

Mama yule alitazama nyumba, akatazama moto, akavisukuma visiki kwa mguu mpaka nyuma ya debe la majivu. Kisha, bila kuinua uso: "Komanda anakuja kula samaki wa mukeke hapa kila Jumamosi saa sita. Yule wa kachoti."

Hapo Tajudini angeweza kwenda kupiga kelele. Ndani yake kelele ilikuwepo, ya miaka ishirini na mitano. Lakini fundi wa Jabe kusema mheshimiwa ni mwongo, nani angesikiliza? Wangemtafutia kona pembeni ya Térence. Neno lake halikuwa na uzito. Akaamua kuleta kitu chenye uzito.

Mafundi wa Jabe hawaandiki vipimo kwenye karatasi, karatasi hupotea. Kila kazi ina fito lake, limechongwa alama kwa kisu: urefu, upana, tundu la kuingizia ulimi wa mbao liko wapi, miguu mingapi. Mafito hutundikwa juu, chini ya bati, mpaka mwenye kazi afe. Tajudini alilishusha lile la Térence. Alama sita za miguu, zimechongwa ndani sana, kama aliyejua kwamba siku moja zitabishiwa.

Alhamisi na Ijumaa alitengeneza meza ile ile. Hakuongeza unene hata wa ukucha, ingawa mkono ulimwasha kuongeza. Ingekuwa nene zaidi, wangesema: unaona, ya kwanza ilikuwa dhaifu. Alinunua libuyu kama ya meza ya kwanza, mbao nyekundu ya Kongo, nzito kama deni la ukoo, akaikata kwa fito la mwenzake. Pasipo misumari wala gundi alichonga ndimi na matundu, akavipigilia vigingi vya mkaratusi mkavu. Kila ulimi uliingia kwa nyundo, ukalia mara moja, ukanyamaza. Ilipokamilika akaisukuma kwa bega. Haikutikisika. Térence alikuwa fundi, bwana! Hesabu yake ilikuwa safi, na mtu mwenye hesabu safi alikuwa amelala juu ya saruji bila viatu.

Jumamosi saa sita meza ilikuwa imesimama uani kwa Bwana Léonce, chini ya jua. Komanda alikuwa amevua kofia, mafuta ya samaki mdomoni, askari wake wawili wamekaa kwenye ngazi.

"Kwa nini hauingizi ndani?" aliuliza Bwana Léonce.

"Ya kwanza ilikuangukia, patroni. Hii tuipime kwanza mbele ya serikali. Nikikosea, nifungwe leo leo, Komanda asisumbuke kunitafuta."

Komanda akacheka. "Huyu ana akili. Pima!"

Mapipa matatu ya maji yalikuwepo uani. Yalipandishwa mezani matupu, Tajudini na mtunza bustani wakayajaza kwa ndoo mpaka juu, wakayafunika. Kilo mia sita. Meza haikusema kitu.

"Bado vioo, mchanga na mawe," alisema Tajudini. "Nataka watu watatu wazito."

Askari wawili wakapanda mapipa ya pembeni wakitabasamu kama watoto. La katikati likabaki.

"Directeur!" Komanda alipiga paja. "Hapa nani mzito kukushinda wewe? Panda, bwana, tuone kama tumbo lako linashinda mti!"

Bwana Léonce hakuweza kukataa mbele ya kicheko. Akaweka kiti, akapanda, akakaa juu ya pipa la katikati, miguu ikining'inia, suruali imepanda magotini. Meza ikanyamaza vilevile. Hata yeye akafurahi. "Sasa hii ndiyo meza!"

Tajudini akachukua msumeno wake, akapiga goti, akaweka meno kwenye mguu wa katikati, upande wa mbele.

"Patroni, hii miwili ya katikati inaharibu sura. Friji haitaingia. Niitoe?"

Akavuta mara moja. Vumbi jekundu likamwagika.

"We! Unakata nini? Tutaanguka!"

"Utaangukaje? Iko ine mingine." Akavuta mara ya pili.

"Acha! Hiyo ya katikati ndiyo inabeba! Wazimu wewe, ukiitoa inaanguka yote!"

Askari mmoja alishuka taratibu bila kuambiwa. Komanda aliacha kutafuna.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza Tajudini. Alikuwa bado kwenye goti, msumeno haujatoka. "Maana Térence alikupa miguu sita. Fito lake ni hili, Komanda, hesabu alama. Ya kwanza na hii ni mapacha."

"Uongo!" Bwana Léonce alitafuta kiti kwa mguu, hakukifikia. "Ile ilikuja na miguu ine!"

Ndipo Ernestine akatoka jikoni, visiki viwili amevipakata katika aproni.

"Ilikuja na sita. Msumeno wa kuni nilileta mimi, nimetumwa. Vumbi nilizoa mimi. Patroni alikata mwenyewe, akasema friji iingie kabla ya wageni."

Akaviweka mezani pa Komanda, katikati ya miiba ya mukeke, kisha akafungua aproni yenyewe akaiweka juu ya kiti. Kazi yake pale ilikuwa imekwisha, na alijua.

Komanda aligeuza visiki, muda mrefu. Hakuwa mtu mwema, tusidanganyane. Alikuwa mtu asiyependa kuchekwa, na askari wake wawili walikuwa wamesikia, na Jumapili kambi nzima ingesikia kwamba amemfunga mtu kwa sababu ya friji.

"Fundi, toa msumeno hapo."

"Nitautoa, Komanda. Andika kwanza."

"Unaniamuru?"

"Apana. Nimechoka mkono, unaweza kuvuta peke yake."

Juu ya pipa Bwana Léonce alisema, kwa sauti ndogo, "Andika, Komanda. Tafadhali."

Ikaandikwa amri ya kumwachia Térence, kwenye karatasi ya daftari la askari.

Saa kumi Térence alitoka kachoti, peku, jicho moja limefumba. Dative alimshika mkono akawa haachii. Tajudini alimpa shati lake mwenyewe, akabaki na fulana.

"Dative ameniambia umeirudia meza. Ulitumia mti gani?" aliuliza Térence.

"Libuyu."

"Ghali. Kwa kunitoa mimi tu, mkaratusi ungetosha."

"Funga mdomo, utembee."

Walitembea hatua kumi. Térence akasimama.

"Taju. Mle ndani tulikuwa kumi na wawili. Kuna mwashi, banasema ukuta wake uliwaficha waasi. Kuna mama muuza mafuta ya taa. Bengine hata hawajui shtaka lao."

Dative alisema, "Twende nyumbani kwanza, jamani. Ugali unapoa."

"Majina yao unayajua?" aliuliza Tajudini.

"Yote."

"Basi niambie njiani, moja moja, na nyumba zao ziko wapi. Kuanzia huyo mwashi. Ukuta wenyewe uko wapi?"