Miche Mirefu Kuliko Yote Tukuyu

Usiku wa jana niliota, na nililala kama mshindi, maana miche yangu ya nyanya ilikuwa mirefu kuliko yote Tukuyu. Ya Tusekile, mtoto wa shangazi anayelala upande wa pili wa pazia, ilikuwa mifupi kama vizibo vya soda.

Mvua na ukungu wa kwetu haviuhurumii mche mchanga, kwa hiyo shangazi Subilaga alitupa trei mojamoja tulee ndani, chini ya taa. Asubuhi angekagua. Mwenye miche bora angepewa kipande cha bustani kule kijitoni, ambacho mimi kichwani nilishakilima, nikavuna, nikaoa. Tusekile alikuwa ameishusha taa yake karibu iguse majani. Yangu ilinimulika machoni, nikaivuta hadi darini. Miche ikapanda kuifuata. Sasa hapo mwenye akili ni nani?

Basi, naona mlango unafunguka. Mche wangu mmoja unaingia umeinama, usigonge kizingiti. Umevaa miwani. Unaniomba radhi kwa usumbufu, kisha unanipima kiuno kwa uzi.

“Kijana, shina lako lina shida gani?”

Najibu kwamba mimi ni mrefu, mtaa mzima unajua.

“Urefu tunauona. Tumeuliza unene. Taa yako iko wapi?”

Natazama juu. Dari haipo. Taa iko huko mbali, ndogo kama punje ya ulezi, na shingo yangu imeshaanza kuifuata. Inapita paa, inapita migomba ya jirani, namwona kuku wao aliyepotea Jumapili. Chini, miguu imebaki njiti za kiberiti. Upepo unapiga, nayumba.

Miche inanizunguka, inanipapasa kichwa huku na huku kwa majani. Inasema ndivyo shina linavyokazwa. Naiomba ipapase taratibu, nimenyoa juzi.

Chumba kinageuka trei. Mimi na Tusekile tumesimama kwenye shimo moja, udongo magotini. Yeye anatafuna hindi la kuchoma, hana habari. Mkasi unakuja kwa miguu yake miwili, unapiga hodi kwenye ukingo.

“Shimo moja, mche mmoja,” unasema. “Na sing'oi, kung'oa kunavuruga mizizi ya jirani. Nakata tu. Akatwe nani?”

Nafikiria kijitoni, maji yanavyopita. Nasema kwa heshima zote, “Mkate Tusekile. Ni mfupi, hata hataumia.”

Mkasi unakitazama kiuno changu kwa huruma. Tusekile anatema ganda la hindi.

“Huyu mfungieni kijiti kwanza,” anasema. “Mkimkata hivihivi atatuangukia.”

Nikaamka. Kumekucha, na shangazi Subilaga amesimama mlangoni. Tusekile yuko nyuma yake.

“Akatwe nani, Lusajo?”

Nikasema nilikuwa naota kuku, shangazi.

“Kuku mfupi, anaitwa Tusekile?”

 Akaenda kwenye trei. Miche yangu yote ilikuwa imelala, vichwa vinaning'inia ukingoni kama walevi waliotoka harusini. Akapitisha kiganja juu ya ile ya Tusekile: ikainama, ikasimama tena. Shangazi akamkabidhi Tusekile jembe.

Niliruka kutoka kitandani nikajitetee. Nikaanguka kifudifudi.

Mguu wangu wa kulia ulikuwa umefungiwa kijiti cha mwanzi, kuanzia kifundo hadi gotini, kwa kamba ya mgomba. Fundo lilikuwa legelege, lile tunalofungia miche ya nyanya ili shina lisibanwe. Tusekile akaapa hakuvuka pazia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetamani angekuwa yeye aliyekifunga.

Shangazi akachuchumaa. Akalikagua fundo, akauminya ugoko wangu kwa vidole viwili, akatikisa kichwa.

“Usifungue,” alisema. “Shina bado halijakaza.”